Nyoka wa Buluu wa Reims: Asili ya Jina la Colbert na Nembo Yake

Jina la ukoo la Kifaransa na nembo inayoonekana kando yake ni urithi wa namna mbili tofauti, na wengi wanaotafuta asili yao hupotea kwa kuyachukua mambo haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Jina linaweza kuchukuliwa na maelfu ya watu wasiokuwa na undugu wowote, ilhali nembo, kwa kanuni za wale walioianzisha, ni mali ya kizazi kimoja kilichotokana na mtu mmoja. Hakuna jina linaloonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko Colbert, ambalo Wafaransa hulikumbuka kwa sababu ya Jean-Baptiste Colbert (1619–1683), waziri aliyesimamia fedha, viwanda na jeshi la majini la Mfalme Louis XIV, na ambaye nembo ya ukoo wake ni nyoka mmoja wa buluu aliyesimama wima juu ya ngao ya rangi ya dhahabu.

Jina lenyewe ni la kale kuliko waziri huyo kwa mamia ya miaka, na halikutokana na Kilatini kama sehemu kubwa ya lugha ya Kifaransa, bali na lugha za Kijerumani cha kale. Wafaranki, yaani makabila ya Kijerumani yaliyoitawala nchi ya Gallia tangu mwishoni mwa karne ya 5, walikuwa na desturi ya kuunda jina la mtu kwa kuunganisha vipande viwili vyenye maana njema, na desturi hiyo iliwaingia hata raia wao waliokuwa wakizungumza Kilatini. Kipande cha mwisho cha Colbert ni kile kile kilichomo katika majina ya Robert, Albert, Hubert na Gilbert, nacho chatokana na neno la kale *berht*, lililomaanisha angavu au mwenye sifa. Kwa hiyo Colbert lilikuwa kwanza jina la mtu binafsi, alilopewa mtoto na wazazi wake, na halikuhusiana na nyoka kwa njia yoyote.

Jina la mtu mmoja lilivyogeuka kuwa jina la ukoo ni hadithi inayohusu Ufaransa nzima. Kati ya karne ya 11 na ya 13 watu waliongezeka mijini na vijijini, na kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, makarani, makasisi na watoza kodi walihitaji neno la pili la kumtofautisha Jean mmoja na Jean mwingine. Neno hilo lilichukuliwa kutoka mahali pa makazi, kama Dupont, yaani mtu wa darajani. Au katika kazi, kama Lefebvre na Fabre, yaani mhunzi. Au katika umbo na tabia, kama Petit na Legrand. Au katika jina la baba, na kundi hili la mwisho ndilo lililozaa Martin, jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ufaransa. Colbert limo katika kundi hilo la majina ya baba. Jambo linalofuata hapo ni zito kuliko linavyoonekana: popote alipoishi mwanamume aliyeitwa Colbert, na wanawe wakaanza kutambulishwa kwa jina lake, ulizaliwa ukoo mpya wa Colbert usiohusiana na wa kijiji cha jirani.

Serikali iliingia baadaye na kuyafunga majina hayo yasibadilike. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, inayojulikana zaidi kwa kuamuru nyaraka za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, iliwataka pia mapadre waweke daftari la watoto waliobatizwa, na amri ya Blois ya mwaka 1579 ikaongeza ndoa na maziko. Mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi, sheria ya tarehe 6 ya mwezi wa Fructidor, kwa hesabu ya kalenda ya Mapinduzi, ilimkataza raia yeyote kutumia jina lisilokuwa lile lililoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Tahajia iliyowahi kuyumba kutoka kwa karani mmoja hadi mwingine ikatulia, na familia ambazo zamani zilikuwa ndugu zikabaki zimetengana kwa herufi moja.

Nembo ina historia nyingine. Nchi za Afrika Mashariki zinaifahamu sura yake ya kitaifa, kwa kuwa nembo za Tanzania na Kenya zimejengwa kwa mpangilio uleule wa Ulaya: ngao katikati, walinzi wawili wanaoishika kutoka pande mbili, na utepe wenye kaulimbiu chini. Mpangilio huo ulianza katika karne ya 12, kaskazini-magharibi mwa Ulaya, wakati kofia ya chuma ilipoanza kuuficha uso wa askari mpanda farasi, naye akalazimika kujitambulisha kwa rangi na picha zilizochorwa kwenye ngao yake. Katika jumba la makumbusho la Le Mans umehifadhiwa ubao wa shaba uliopambwa kwa rangi, uliotoka katika kaburi la Geoffroy Plantagenêt, mtawala wa Anjou aliyefariki mwaka 1151, ukimwonyesha akiwa na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu, na wataalamu huutaja mara nyingi kama mojawapo ya ushahidi wa mwanzo kabisa wa nembo zenye rangi.

Elimu ya nembo, kwa maana ya kanuni za kuzichora, kuzisoma na kuzirithisha, ina msamiati wake, nao hauna ugumu ukishaelezwa. Rangi zake ni chache na zimegawanywa katika makundi. Kundi la kwanza ni la madini, yaani dhahabu, ambayo huchorwa kwa manjano, na fedha, ambayo huchorwa kwa nyeupe; kundi la pili ni la rangi zenyewe, yaani nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau; na la tatu ni la manyoya ya wanyama yaliyotumika kupamba mavazi. Kanuni kuu ni kwamba madini hayawekwi juu ya madini wala rangi juu ya rangi, kwa sababu picha ilipaswa kuonekana kwa mbali, vumbini, katikati ya vurugu za vita. Nyoka wa buluu juu ya dhahabu anaitii kanuni hiyo kikamilifu. Mtoto wa kwanza wa kiume huirithi nembo ya baba bila mabadiliko, na wadogo zake, kwa desturi ya kale, huongeza alama ndogo ya kuwatofautisha, ili atazamaye atambue tawi bila kuulizwa.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba nembo zilikuwa za makabaila peke yao, yaani tabaka la watu waliokuwa na haki za kuzaliwa nazo, zikiwamo msamaha wa kodi kuu na vyeo vya kijeshi. Tangu karne ya 13 na ya 14 nembo zilitumiwa na wafanyabiashara, mafundi, miji, vyama vya ufundi, makasisi, wanawake, na katika baadhi ya majimbo hata wakulima, kwa kuwa kila aliyetia muhuri katika mkataba alihitaji picha ya kuiweka katika muhuri huo. Muuza vitambaa wa Reims alikuwa na haki ya kuwa na nembo kama alivyokuwa nayo jemadari. Kilichomtofautisha kabaila ni vitu vilivyoizunguka ngao, kama vile taji la cheo na kofia ya chuma. Ngao yenyewe haikuwa na daraja.

Katika karne ya 15 na ya 16 akina Colbert wa Reims walikuwa watu wa biashara. Reims ni mji wa jimbo la Champagne ambako wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa, lakini pia ulikuwa mji wa sufu na kitani, na ukoo huo ulijipatia utajiri kwa kununua na kuuza vitambaa, kisha kwa kukopesha fedha, huku matawi yake yakifungua maduka na ofisi Troyes, Paris na Lyon. Hati za wathibitishaji mikataba na daftari za parokia zinaonyesha watu waliofanya kazi kwa bidii, waliooana na familia za wafanyabiashara wenzao, na waliopanda ngazi hatua kwa hatua. Jean-Baptiste alizaliwa humo tarehe 29 Agosti 1619, mtoto wa mfanyabiashara Nicolas Colbert na Marie Pussort, na alikulia katika mazingira ambamo hesabu ya mapato na matumizi iliheshimiwa kuliko upanga.

Ukoo wa namna hiyo ulipochagua nembo ulifanya kama wengi wa tabaka lake walivyofanya: ulitafuta picha inayotamka jina. Nembo za aina hii huitwa na Wafaransa nembo zinazosema, kwa kuwa anayezitazama husikia jina la mwenyewe. Kwa Kilatini nyoka huitwa *coluber*, na kwa Kifaransa nyoka asiye na sumu huitwa *couleuvre*. Mlio wa maneno hayo unakaribiana na Colbert, na hilo lilitosha. Mchoro haukudai kwamba jina limetokana na nyoka. Ulikuwa mchezo wa sauti, njia ya kumfanya hata mteja asiyejua kusoma amtambue mwenye mali, na kwa mfanyabiashara manufaa hayo yalikuwa makubwa. Baadaye, mwenye nembo alipokuwa waziri, nyoka alipewa maana ya juu zaidi: waliomsifu Colbert walikumbusha kwamba Injili inamtaja nyoka kama kielelezo cha busara, na hivyo kilichoanza kwa kufanana kwa sauti kikavikwa maadili.

Mchezo huo wa sauti haukuwa wa akina Colbert peke yao. Jean Racine, mwandishi mkubwa wa tamthilia za huzuni, alirithi nembo yenye panya na bata maji, kwa sababu panya huitwa *rat* na bata maji huitwa *cygne*, na maneno hayo mawili yakitamkwa pamoja hukaribia sana Racine. Katika barua aliyomwandikia dada yake mwaka 1697 mwandishi huyo alionyesha kwamba panya hampendezi, naye akabaki na bata maji peke yake. Nicolas Fouquet, mkuu wa fedha za mfalme kabla ya Colbert, alikuwa na kindi mwekundu juu ya fedha, kwa kuwa katika lahaja za magharibi mwa Ufaransa kindi aliitwa *fouquet*, na kaulimbiu yake ya Kilatini iliuliza ni wapi asikoweza kupanda. Michel Le Tellier, waziri wa vita ambaye Colbert alianza kazi chini yake, alikuwa na mijusi watatu wa fedha juu ya buluu.

Hivyo mapambano makubwa ya kisiasa ya mwaka 1661 yaliweza kusomwa kama ugomvi wa wanyama. Kardinali Mazarin, aliyekuwa waziri mkuu, alifariki tarehe 9 Machi mwaka huo. Fouquet, aliyetarajia kumrithi, alimkaribisha mfalme tarehe 17 Agosti katika jumba lake jipya la Vaux-le-Vicomte, ambalo kuta na dari zake zilijaa michoro ya kindi. Colbert alikuwa amekwisha kumwonyesha Louis XIV hesabu zinazomtia Fouquet hatiani, na tarehe 5 Septemba, mjini Nantes, Fouquet alikamatwa na kikosi kilichoongozwa na d'Artagnan. Alihukumiwa baada ya kesi iliyochukua miaka mitatu, akafungwa katika ngome ya Pignerol, na akafia huko mwaka 1680. Kindi alikuwa ameshindwa na nyoka, na kwa watu wa karne ile, waliozoea kumtaja mtu kwa mnyama wa ngao yake, jambo hilo halikuhitaji maelezo.

Ushindi huo ulimletea Colbert madaraka, lakini haukumfuta muuza vitambaa aliyekuwa babu yake. Katika Ufaransa ya wafalme kulikuwa na njia halali ya kuingia katika ukabaila, nayo ilikuwa kununua wadhifa, hasa ule wa katibu wa mfalme, ambao uliwapa mnunuzi na vizazi vyake haki za kabaila baada ya muda uliowekwa. Watu waliuita wadhifa huo sabuni ya kuwaoshea watu wa kawaida. Njia nyingine ilikuwa kununua shamba lenye cheo. Colbert alinunua Seignelay, katika Bourgogne, mwaka 1657, na ndugu zake na binamu zake wakajiita kwa majina ya ardhi zao: Croissy, Villacerf, Saint-Pouange, Maulévrier, Torcy. Ndiyo maana msomaji wa historia ya Ufaransa hukutana na mawaziri, maaskofu na mabalozi wengi wenye majina tofauti bila kujua kwamba wote walitoka katika ukoo mmoja wa Reims. Neno dogo *de*, linalotangulia jina la ardhi, huonyesha mahali au milki, na halijawahi kuwa uthibitisho wa ukabaila.

Hata hivyo ukabaila wa kununuliwa haukumridhisha mtu aliyetaka watoto wake waketi na familia za kale. Hapo ndipo ilipotokea habari ya asili ya Scotland. Ilidaiwa kwamba akina Colbert walitokana na askari mpanda farasi aliyetoka Scotland akahamia Champagne katika Zama za Kati, na katika kanisa la watawa wa Mtakatifu Fransisko mjini Reims lilionyeshwa jiwe la kaburi la shujaa Richard Colbert, aliyepewa sifa ya Mskoti, likiwa na maandishi ya mtindo wa kale. Watu wa wakati ule walisimulia kwamba jiwe hilo liliwekwa kanisani kwa siri na lilikuwa jipya kabisa. Katika miaka ya 1680, wakati wa utawala wa James VII, hati rasmi ya nasaba ilitolewa Scotland kuuunganisha ukoo huo na familia ya Cuthbert wa Castlehill, karibu na mji wa Inverness, na kwa ushahidi wa namna hiyo wafanyabiashara wa Reims walipata mababu wenye silaha.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukikumbukwa uamuzi wa Baraza la Mfalme wa mwaka 1666. Kwa usimamizi wa Colbert mwenyewe, maofisa walitumwa katika majimbo kuwataka wote waliojiita makabaila walete hati zinazothibitisha hali yao tangu mwaka 1560, na walioshindwa walitozwa faini na kurudishwa katika orodha ya walipa kodi. Lengo lilikuwa la kifedha, kwa kuwa kila kabaila wa uongo alikuwa mlipa kodi aliyepotea, na kwa lengo hilo kazi ilikuwa ya haki. Lakini waziri aliyewadai makabaila wadogo wa vijijini hati za miaka mia moja hakuwa na hati hizo kwa ukoo wake, na jiwe la Reims lilikuwa jibu lake. Hapa hukumu ya historia haina budi kuwa kali: mtu aliyejenga madaraka yake juu ya hesabu sahihi aliruhusu nasaba yake iandikwe kwa hesabu ya uongo, ilhali asili yake ya kweli, ya watu waliopanda kwa kazi na akili, ilikuwa na heshima ya kutosha.

Uongo huo ulizaa matunda ya ajabu. Karne moja baadaye kijana wa familia ya Cuthbert, aliyezaliwa Castlehill mwaka 1735, alilelewa kikanisa Ufaransa, akatumia jina la Seignelay Colbert de Castlehill, na mwaka 1781 akawa askofu wa Rodez, kusini mwa nchi, kwa kukubaliwa kuwa ndugu wa ukoo wa waziri. Undugu uliobuniwa ili kuwapa Wafaransa mababu wa Scotland uliishia kumpa Mskoti kiti cha uaskofu.

Akina Colbert hawakuwa peke yao katika biashara hii, na haingekuwa haki kuwalaumu bila kusema hivyo. Étienne Baluze, msomi hodari aliyekuwa mtunzaji wa maktaba ya Colbert, alichapisha mwaka 1708 historia ya nasaba ya ukoo wa La Tour d'Auvergne, akitegemea hati ambazo mtaalamu wa kughushi, Jean-Pierre de Bar, alikuwa amezitengeneza ili kuonyesha kwamba ukoo huo ulitokana na watawala wa kale wa Aquitaine. De Bar alikwisha kufungwa katika gereza la Bastille, na mwaka 1710 Baluze mwenyewe alifukuzwa Paris kwa amri ya mfalme. Uhodari wa kusoma hati za kale haukumkinga msomi dhidi ya matakwa ya wakubwa waliomlipa.

Nyoka wa buluu, wakati huohuo, alizidi kupanda. Mabinti watatu wa waziri waliolewa na watu wenye cheo cha duke, yaani Chevreuse, Beauvilliers na Mortemart, na ngao ya Reims ikachorwa bega kwa bega na ngao za familia zilizopigana katika vita vya msalaba. Mwana mmoja, Jacques-Nicolas, akawa askofu mkuu wa Rouen. Mwana mkubwa wa kiume, Jean-Baptiste Antoine, akairithi wizara ya majini. Lakini mahali ambapo nembo hiyo imehifadhiwa kwa wingi kuliko pote si makaburini wala majumbani, bali juu ya majalada ya vitabu. Colbert alikusanya maelfu ya hati za kale zilizoandikwa kwa mkono, kutoka nyumba za watawa na kutoka nchi za Mashariki, na nyingi akazifunga kwa ngozi iliyopigwa muhuri wa nyoka kwa dhahabu. Mfalme Louis XV alizinunua mwaka 1732, na leo zimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambako mtafiti wa Biblia, wa historia ya Uajemi au wa mashairi ya Kifaransa cha kale huweza kufungua kitabu chenye alama ya wauza vitambaa wa Champagne. Kati ya kazi zote zilizofanywa chini ya nembo hiyo, hii ndiyo iliyowanufaisha watu wengi bila kumdhuru mtu.

Miaka 13 baada ya kifo cha waziri, hazina ya mfalme, iliyokuwa imekaushwa na vita, iligeuza nembo kuwa chanzo cha mapato. Amri ya Novemba 1696 iliwataka wote waliokuwa na nembo waziandikishe kwa malipo, livre 20 kwa mtu binafsi, na kazi ya kuzitunza ikakabidhiwa Charles d'Hozier. Zilikusanywa nembo zipatazo 120,000, na sehemu kubwa ya wenyewe walikuwa wafanyabiashara, mawakili, mafundi na wenye mashamba wa kawaida. Wale walioitwa wakakosa kuleta nembo walipangiwa na makarani, ambao mara nyingi walibuni picha kwa haraka kutokana na sauti ya jina au kurudia mchoro uleule kwa kubadili rangi. Mtafiti wa leo anayeikuta nembo ya mtu katika daftari hilo anapaswa kwanza kuuliza kama iliandikishwa na mwenyewe au ilipachikwa na karani, kwa kuwa nyingi za aina ya pili hazikuwahi kutumiwa hata mara moja.

Mapinduzi yalizifuta zote. Amri ya tarehe 19 Juni 1790 iliondoa ukabaila wa kurithi, vyeo, sare za watumishi na nembo, na mafundi wakapanda ngazi kuzichonga ngao hadi mawe yasibaki na alama. Napoléon alizirudisha mwaka 1808 kwa kanuni zake mwenyewe, na ukoo wa Colbert ukarudi jukwaani kwa njia ambayo mababu wa Reims hawakuifuata, yaani vita: Auguste de Colbert-Chabanais, wa tawi la Saint-Pouange, aliuawa akiwa jenerali wa wapanda farasi huko Cacabelos, Hispania, tarehe 3 Januari 1809, na kaka yake Pierre-David aliongoza wapanda farasi wa mikuki wa walinzi wa Napoléon hadi Waterloo.

Historia ya jina hili haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili bila kutaja upande wake unaoigusa Bahari ya Hindi. Mwaka 1664 Colbert aliiunda Kampuni ya Ufaransa ya India ya Mashariki, iliyopewa ukiritimba wa biashara ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, ikatumia Fort-Dauphin ya Madagaska na kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa ni Réunion, kuwa vituo vyake. Alianzisha pia maandalizi ya sheria ya utumwa wa makoloni, iliyotiwa saini Machi 1685, miaka miwili baada ya kifo chake, wakati mwanawe akiwa waziri wa majini. Sheria hiyo, maarufu kwa jina la Sheria ya Weusi, ilimhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika na kupanga adhabu za kumkata viungo aliyetoroka. Desemba 1723 sheria ya mfano huo ilitolewa kwa ajili ya Bourbon na kisiwa kilichoitwa Kisiwa cha Ufaransa, ambacho leo ni Mauritius, na mwaka 1776 mfanyabiashara wa watumwa, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupelekewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu walioshushwa bandarini Port-Louis kutoka Kilwa walitawaliwa kwa maandishi yaliyokuwa na mizizi katika wizara ya Colbert. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliyo mbele ya Bunge la Ufaransa mjini Paris ilimwagiwa rangi nyekundu Juni 2020, na mjadala kuhusu jina lake katika shule na kumbi za umma ungali unaendelea. Mjadala huo ni wa haki, kwa kuwa anayekubali kuheshimiwa kwa ajili ya viwanda na maktaba hana budi kuulizwa pia kuhusu minyororo.

Ni mjadala unaomhusu mtu mmoja na ukoo mmoja, wala hauwahusu wote wanaoitwa Colbert. Con Colbert, mzaliwa wa Limerick aliyepigwa risasi na Waingereza mjini Dublin tarehe 8 Mei 1916 kwa kushiriki katika uasi wa Pasaka, alikuwa Mwailandi. Wilaya ya Colbert katika jimbo la Alabama, Marekani, ilipewa jina la George na Levi Colbert, viongozi wa taifa la Wachickasaw, waliokuwa wana wa mfanyabiashara mwenye asili ya Scotland na mama Mchickasaw. Claudette Colbert, mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Saint-Mandé karibu na Paris mwaka 1903, aliandikwa katika daftari la kuzaliwa kwa jina la Chauchoin, na Colbert lilikuwa jina la jukwaani tu. Hakuna kati yao aliyekuwa na haki juu ya nyoka wa Reims, na hakuna aliyemhitaji.

Haya yote yanatoa jibu kwa maduka na wauzaji wanaotangaza kumchorea kila mteja nembo ya jina lake. Nembo ya jina haipo. Ipo nembo ya kizazi, nayo huthibitishwa kwa kuonyesha, mtoto hadi mzazi, kwamba anayeidai ametokana na aliyeitumia. Ufaransa ya leo haina ofisi ya serikali inayowagawia watu binafsi nembo. Migogoro huamuliwa na mahakama za kiraia, ambazo huitazama nembo kama kiambatanisho cha jina la familia, na mtu yeyote yuko huru kujibunia yake mradi asichukue ya mwingine. Karatasi yenye ngao na taji inayouzwa kwa kila mwenye jina la Martin au Colbert haina thamani zaidi ya wino wake.

Mwenye kutaka kujua asili ya jina lake la Kifaransa, awe amezaliwa Reims, Réunion au Bukavu, na aanze na cheti chake cha kuzaliwa, kisha cha mzazi wake, kisha cha babu na bibi, akirudi nyuma kizazi kimoja kimoja hadi kwenye daftari za parokia, ambazo hifadhi za nyaraka za mikoa ya Ufaransa zimeziweka kwa wingi kwenye intaneti ili zisomwe. Nembo, kama ipo, ataikuta njiani. Na kama haipo, atakuwa amepata majina ya kweli ya watu wake.